Mgebuka Alikuwa wa Mama

Harufu ya mgebuka aliyekaushwa kwa moshi huwa hainiombi ruhusa. Juzi nilikuwa napita sokoni Mpanda, nimetoka kununua zipu na nyuzi za kushonea sare, sina habari kabisa na samaki, ikanifikia kabla sijaziona hata meza za wauzaji. Mama mmoja wa Katumba, mtoto mgongoni, alikuwa anainua samaki mmoja mmoja na kumnusa. "Mukeke huyu unauzaje?" akauliza. Muuzaji, msichana mdogo aliyeonekana kuzaliwa hapa hapa mjini, akamjibu, "Hao migebuka, mama." Yule mama akasema, "Ehe, mukeke," wala hakuona kama kuna ubishi wowote hapo. Mimi nikasimama katikati ya njia na mfuko wangu wa zipu. Mwenye mkokoteni akanipigia kelele nipishe, nikapisha, lakini machozi yalikuwa yameshanitoka, na mimi si mtu wa kulia sokoni.

Tulikuwa tumetoka kumzika Mama Konsolata. Alikuwa mama yangu wa pili, na kwa hesabu ya miaka ndiye aliyenilea zaidi kuliko wa kwanza. Nilinunua migebuka watatu wakubwa, nikarudi nao kwenye cherehani yangu, nikashona siku nzima chumba kikinuka kama kibanda cha Bibi cha kukaushia samaki. Wateja walikunja pua. Niliwaacha wakunje.

Nyumbani kwetu Kapalamsenga, kando ya Ziwa Tanganyika, kila mtu alikuwa na samaki wake. Sijui kama nyumba nyingine za kijiji zilikuwa na mchezo huo. Nadhani ni Bibi, mama yake Baba, aliyeuanzisha, na kwake yeye haukuwa mchezo. Bibi aliwajua samaki kwa koo zao, kama alivyowajua watu wa kijiji. Alikuwa anakaa mbele ya beseni, kisu mkononi, anawatenga huku akiwasema. Kambale na singa ni ukoo mmoja, watu wa ndevu, hawana magamba, na usiku ndio mchana wao. Kuhe na ngege ni ukoo mmoja, wazazi wazuri, wanalinda watoto wao mpaka wakue. Sangara na mgebuka ni ukoo mmoja pia, ingawa ukiwaweka pamoja utakataa, mmoja mnene wa kutisha, mwingine mwembamba anayeng'aa kama kijiko kipya. "Tazama pezi la mgongoni," alikuwa anasema. "Tazama na jicho. Ndugu hawafichani." Dagaa kwake hawakuwa ukoo, walikuwa kabila zima. Na mkunga, yule mrefu anayejipinda, Bibi alimweka na nyoka, akampiga marufuku jikoni kwake, na hakuna mtu angemwambia kitu akasikia. Nilipofika sekondari mwalimu wetu wa baiolojia alituambia mkunga ni samaki kama wengine. Likizo ilipofika nikampelekea Bibi habari hiyo. Akaniuliza kama huyo mwalimu amewahi kumshika.

Basi kutokana na koo hizo ndipo tulipopewa samaki zetu. Baba alikuwa sangara, kwa ukubwa wake na kwa ukimya wake, na kwa jinsi alivyofungua mdomo akipiga miayo. Bibi alijipa singa mwenyewe, kabla mtu mwingine hajazitaja ndevu chache zilizokuwa kidevuni mwake. Mimi nilikuwa kibebe. Kibebe ana mistari ubavuni na meno ya nje yanayokaa wazi hata akifunga mdomo, anakaa karibu na mito inapoingia ziwani, na ana hasira. Nilipewa jina hilo baada ya kumng'ata binamu yangu begani, na meno yangu mnayajua nyie mnaonifahamu. Mdogo wangu Deo alikuwa bado dagaa, kwa sababu Bibi alisema mtoto hapewi samaki mpaka aonyeshe tabia.

Mama, jina lake Agneta, alikuwa mgebuka. Alikuwa mwembamba, mwepesi, anafika mwaloni, samaki wanaposhushwa, kabla ya wanawake wengine na anarudi kabla yao. Nakumbuka siku nilipopiga hesabu za koo za Bibi nikashtuka, nikamwuliza: kama sangara na mgebuka ni ukoo mmoja, basi Baba na Mama ni ndugu, walioanaje? Bibi alicheka mpaka akaweka kisu chini. Mama naye alicheka, akajificha uso kwa khanga. Hicho kicheko chake ndicho kitu pekee cha sauti yake nilichobaki nacho.

Haikuwa mwiko, naomba nieleweke. Samaki wako ukimkuta kwenye sufuria ulimla kama watu wengine, ila siku hiyo ulitaniwa. "Leo tunamla Baba!" tulikuwa tunapiga kelele akipikwa sangara, na Baba anajibu, "Mnitafune polepole, nina miiba." Kibebe ana miiba kupita kiasi, kwa hiyo siku yangu ndiyo iliyokuwa na malalamiko mengi zaidi. Wakati mmoja Baba alikodiwa na Mzungu aliyekuja na fimbo ya kuvulia iliyokunjika na kukunjuka. Hakutaka nyavu wala dagaa, alitaka samaki wa kushindana naye tu, sangara, kuhe, na zaidi ya wote kibebe. Alipigana na kibebe mmoja mpaka jasho likamtoka, akampandisha kwenye mtumbwi, akampiga picha, akamrudisha majini. Baba alirudi nyumbani kimya kama mtu aliyetoka msibani. "Amemrudisha," akasema. Mimi nilifurahi sana. Nilitembea kijiji kizima nikijisifu kwamba Mzungu ameshindwa kunila.

Halafu Mama akaugua. Alipakiwa kwenye lori lililokuwa linapeleka samaki Mpanda, amelazwa juu ya godoro letu, akienda hospitali, na lori lililorudi lilirudi na Baba peke yake. Sitasema mengi juu ya hapo. Wengi wenu mmepita njia kama hiyo na mnajua mtoto anakumbuka nini. Mimi nakumbuka godoro lilivyorudi bila mtu.

Mgebuka alibaki wa Mama. Bibi alikuwa na sheria yake: samaki akishapewa mtu amepewa, hata mtu huyo akifa, na hapewi mwingine. Tatizo ni kwamba mgebuka ndiye samaki aliyekuwa anaingia nyumbani kwetu kuliko wote. Tulimla karibu kila siku kwa mawese na ugali wa muhogo, na hakuna aliyetania. Tulikuwa tunakula tumeinamisha vichwa. Deo tu, aliyekuwa bado mdogo hajui mambo ya kunyamazia, alikuwa anamgusa samaki kwa kidole na kusema, "Mama." Hakuna aliyemkataza.

Konsolata aliletwa na Baba kutoka Mishamo, kwenye makazi ya wakulima waliotoka Burundi. Wazazi wake ndio waliokimbia huko, yeye alizaliwa hapa hapa na alikuwa Mtanzania kama sisi, lakini sisi watoto tulimwita Mrundi na tukaona tumemaliza. Alikuwa na mikono ya jembe na miguu mirefu, na aliliogopa ziwa. Alichota maji akiwa amesimama mbali, anarusha ndoo kwa kamba. Dagaa aliwaita ndagala. Sangara alimwita sangala. Mgebuka alimwita mukeke, na alipolitaja neno hilo sauti yake ilibadilika, ikawa laini, ila wakati ule sikujiuliza kwa nini. Niliona tu mtu mzima asiyejua majina ya vitu. Watoto wa jirani walikuwa wanapita mlangoni kwetu makusudi wanasema "mukeke, mukeke" na kukimbia, na yeye anacheka nao, jambo lililonikera zaidi kuliko kama angewafukuza.

Siku ya kwanza aliyopika kwetu naiona mpaka leo. Baba alikuwa ameleta beseni la migebuka wabichi, bado wanang'aa. Konsolata akachuchumaa mbele ya beseni, akasugua viganja vyake, akasema kwa Kirundi kitu ambacho hata asiyejua lugha angejua ni furaha. Akamshika wa kwanza, akaweka kisu tumboni. Deo akaja akasimama karibu yake, akamgusa yule samaki kwa kidole.

"Huyu ni mama," akamwambia.

Konsolata akamtazama Deo, akanitazama mimi. "Mama nani?"

"Mama yetu," Deo akasema. "Mama Agneta."

Kisu kikasimama. Akaniuliza mimi, "Anasemaje huyu?" na mimi, kwa ukali nilioupata sijui wapi, nikamweleza: kila mtu hapa ana samaki wake, mama yetu ni mgebuka, ndivyo ilivyo. Alimrudisha yule samaki kwenye beseni taratibu, akainuka, akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba muda mrefu. Aliporudi aliwatengeneza wote bila kusema neno, akawapika vizuri mno, kwa mawese na nyanya chungu, vizuri kuliko Bibi, na kila mtu alijua ila hakuna aliyesema. Akatupakulia. Yeye akala ugali na kisamvu.

"Wewe huli?" Bibi akamwuliza.

"Migebuka sili, mama. Nyie kuleni."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema mgebuka badala ya mukeke. Tangu siku hiyo hakumla. Alikula sangara, akala kuhe, akala kambale na kunyonya vidole. Siku ya mgebuka, ambayo kwetu ilikuwa karibu kila siku, alikula majani. Akikosa majani alikula ugali kwa chumvi.

Mimi nilipata maana yake mapema, na nikaishika kwa meno yote ya kibebe. Huyu mwanamke anamchukia mama yetu. Amepewa kitanda chake, sufuria zake, kinu chake, na khanga yake moja iliyobaki, lakini yeye mwenyewe hamtaki hata kinywani. Nilikuwa namtazama wakati wa kula kuona kama atakunja uso. Hakukunja, na hilo nalo nikaona ni ujanja. Nilimkumbuka alivyoinuka siku ile kwenye beseni, nikasema moyoni, alikinai pale pale aliposikia jina.

Bibi alikuwa na maana yake tofauti. Aliamini ni mwiko wa ukoo. Koo nyingi za kwetu zina mnyama au samaki wasiyemla, na Bibi aliheshimu miko ya watu, lakini hakuwahi kufikiri itaingia nyumbani kwake. Nilimsikia akimwambia Baba alipokuwa anashona wavu, "Mwanamke anayepika asichokula atawaleaje watoto? Leo hali migebuka wetu. Kesho hatakula msiba wetu." Baba akasema mwache mwanamke wa watu, kula ni tumbo lake. Bibi akasema basi hawa watoto waende Inyonga kwa shangazi yao, wakae na damu yao, mpaka hapo itakapojulikana. Shangazi na mumewe walikuwa wanalima tumbaku huko na walikuwa na mizinga ya nyuki, na kila alipokuja alituletea asali kwenye chupa ya bia. Baba hakujibu. Baba asipojibu Bibi alihesabu kwamba amekubali.

Mwanzoni nilifurahi. Inyonga kulikuwa na asali, na hakukuwa na Mrundi. Lakini Deo hakufurahi. Deo alikuwa ameshamzoea Konsolata kiasi kwamba alilala ameshika kidole chake, na Bibi alipoanza kukunja nguo zetu na kuzitia kwenye begi, Deo alizitoa zote akazirudisha kwenye kamba. Akatiwa makofi, akazitoa tena. Mimi nilikuwa namwangalia Konsolata. Nilitaka nimwone akifurahi ili nimalize kumjua. Alikuwa anashona kiraka kwenye kaptura ya Deo ya safari, na sindano ilikuwa inamshinda, ananyanyua kitambaa karibu na macho, anaweka chini, ananyanyua tena. Kaptura ilikuwa na matone. Nikasema moyoni ni jasho.

Tulikuwa tunasubiri lori tu. Kabla lori halijafika akaja Siprian, kaka yake Konsolata, kwa baiskeli, amefunga nyuma gunia la unga wa muhogo na maharage. Mgeni hakosi samaki kijijini kwetu, kwa hiyo Bibi, ambaye hakuwa mtu wa kumnyima mgeni hata akiwa na kinyongo, aliamuru wapikwe migebuka. Tukakaa mkekani mchana ule wote pamoja. Siprian alikula kama mtu aliyeota chakula hicho njia nzima. Alipofika kwenye kichwa akasimama, akamtazama dada yake, akaona sahani yake ya majani.

"Wewe umeshashiba?" akamwuliza. Kisha akatugeukia sisi akicheka. "Nyie hamumjui huyu. Huyu akiwa mtoto, Mzee akileta mukeke kutoka ziwani, tulikuwa tunamtoaga nje kwanza, tunagawana, ndio tunamwita. Tukimwacha ndani hatuambulii kitu. Mpaka macho ya samaki alikuwa anamaliza. Mama akawa anamtania, wewe tutakuoza kwa mvuvi tupumzike!"

Bibi akaacha kutafuna. "Yeye migebuka halagi," akasema. "Si ni mwiko wenu?"

"Mwiko wa nani?" Siprian akashangaa. "Sisi hatuna mwiko wa samaki, mama. Tungekuwa nao..."

Konsolata akamkatiza kwa Kirundi, haraka na chini chini. Siprian akamtazama, akatutazama mimi na Deo, akashusha macho kwenye sahani yake. Hakumalizia kichwa cha samaki. Bibi akachukua ugoro wake akaenda kukaa peke yake kibarazani.

Mimi nilimfuata Konsolata kwenye kichanja cha kukaushia. Alikuwa anageuza migebuka kwa vidole, mmoja mmoja, moshi unampiga usoni. Nilikuwa nimekasirika zaidi kuliko kabla. Kama si mwiko, na kama anampenda mgebuka hivyo, basi chuki yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Nikasimama mbele yake nikamwuliza swali kama lilivyokuwa kichwani mwangu, sikujua namna nyingine ya kuuliza.

"Kwa nini humli mama?"

Alifuta macho kwa mkono wa juu, kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta. Nilidhani hatanijibu. Watu wazima wa wakati ule hawakuwa wanajibu watoto, mnakumbuka wenyewe.

"Kwa sababu ni mama yenu," akasema. "Deo aliniambia siku ile nimeshika kisu. Mwana wanje, mwanangu, mimi nimekuja kwenye nyumba ya mtu. Nalala kitandani kwake. Napikia sufuria zake. Watoto wake wananiita nije nikawafunge vifungo. Vyote hivyo nimechukua, na sikumwomba, maana simwoni nimwombe. Halafu na yeye mwenyewe nimle? Nyie mmekaa hapo mnanitazama?"

Akageuza samaki mwingine. "Nyie mkimla ni sawa, ni wenu. Mimi nitamwonea."

Nilikosa hata pa kuweka mikono. Nilichukua fimbo nikaanza kuchochea moto usiohitaji kuchochewa, na moshi ukazidi, tukakohoa wote wawili. Nilitaka kumwita mama, neno likakaa mdomoni likagoma. Nikakimbia kwa Bibi.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Nilimwambia yote, na kitanda, na sufuria, na kisu. Nikamwambia Inyonga siendi, na Deo haendi. Akanusa ugoro, akapiga chafya, akajifuta. Nilimwomba jambo moja tu.

"Bibi, mpe samaki."

"Samaki gani?" akasema. "Kila anayefaa ana mwenyewe. Nimpe mkunga?"

"Mpe mgebuka."

"Mgebuka ni wa mama yako. Unajua sheria."

"Basi mpe mukeke," nikasema. "Mukeke hana mtu."

Nilimfahamu Bibi. Alikuwa mtu aliyeweza kutofautisha ngege wawili kwa rangi ya shavu. Alimjua mgebuka kuliko alivyojua viganja vyake mwenyewe. Mtu wa sheria kama yeye alikuwa na haki ya kunitia kofi kwa ujinga nilioleta mbele yake, na nilikuwa nimeshainamisha shingo kulipokea. Badala yake akainuka, akajikongoja mpaka kwenye kichanja, na mimi nyuma yake. Siprian na Baba walikuwa wamekuja kusimama pale, na Deo amening'inia kwenye mguu wa Konsolata.

"Konsolata," Bibi akasema, "huyu mtoto anasema huko kwenu kuna samaki anaitwa mukeke. Nionyeshe."

Konsolata akamtazama kama mtu asiyesikia vizuri. Kisha akachukua mmoja kutoka kwenye kichanja, amekauka vizuri, rangi ya shaba, akampa kwa mikono miwili, amepiga goti. Bibi akampokea. Akamgeuza huku, akamgeuza kule, akalitazama pezi la mgongoni, akalitazama jicho, akamnusa. Baba alifungua mdomo kusema kitu, Bibi akamnyooshea kidole bila kumtazama, akaufunga.

"Huyu simjui," Bibi akasema. "Nimezeeka ziwani hapa na simjui. Hajapewa mtu." Akamrudisha mikononi mwa Konsolata. "Basi ni wako. Wewe ni mukeke. Na sisi hapa mtu hula samaki wake, anataniwa, yanaisha. Kaa chini ule."

Konsolata alikaa pale pale chini, kwenye majivu. Akavunja kichwa kwanza. Alikula akilia, kwa fujo, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye viwiko, alinyonya kila mfupa, akala na macho, na Siprian akawa anasema, "Niliwaambia, niliwaambia!" Deo akapiga kelele kwa sauti ambayo nyumba yetu ilikuwa imeisahau, "Leo tunamla Mama!" Mimi nikamletea ugali. Nikasema, "Mama, kula na ugali, utapaliwa." Lilitoka lenyewe. Lori lilipokuja lilipakia samaki likaondoka, na begi letu Bibi alilitundika akaweka vitunguu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na tangu hapo sikuwahi kumsikia Bibi akikosea. Mtu wa nje akija na kumwuliza samaki huyu anaitwaje, alikuwa anajibu mgebuka. Konsolata akimuuliza, alijibu mukeke. Walivyozidi kuzeeka wakawa wanakaa pamoja mbele ya beseni moja, mmoja anatenga migebuka, mwingine anatenga mukeke, kutoka kwenye fungu lile lile, na ole wako ucheke.

Jumapili nilipeleka wale migebuka Kasokola kwa Deo. Siku hizi ni mkulima wa mahindi, ana tumbo na madevu, na Bibi angekuwepo angempandisha cheo kutoka dagaa. Mke wake aliwachemsha kidogo, akawaunga kwa mawese kama Mama Konsolata alivyomfundisha. Tangu mazishi hatukuwa tumemla mgebuka. Sahani ilipowekwa na samaki mmoja, wengine wamebaki sufuriani, mimi na Deo tukatazamana, hakuna aliyenyoosha mkono. Binti yake mdogo, Agneta, aliyepewa jina la bibi ambaye hata baba yake hamkumbuki sura, alisogea na kumgusa samaki kwa kidole.

"Huyu ni nani?" akauliza. Watoto wa Deo wanaujua mchezo.

Deo akamvutia mtoto sahani karibu. "Hao ni bibi zako," akasema. "Wote wawili."

Agneta akainama akachungulia sahani, akahesabu kwa macho, akaona hesabu haikubali.

"Mbona yuko mmoja?"

Deo akamkatia kipande cha mgongoni, akakichambua miiba polepole, akakiweka kwenye tonge la ugali la mtoto.

"Yuko mmoja," akasema. "Kula."